Kucha za mtu wa kazi ya rangi

Kwa fundi wa batiki, au mfanyakazi wa kitengo cha rangi kiwandani, fangasi wa kucha huchelewa kugundulika kwa sababu kucha zake tayari zina rangi. Unjano ambao karani angeushtukia mapema, hapa umefunikwa na bluu au nyeusi. Kwa hiyo angalia umbo. Doa la rangi hukaa juu ya kucha, na kucha ikikua linasogea mbele na kuacha mpaka uliopinda sawa na shina la kucha. Fangasi mara nyingi huanzia nchani au pembeni na kurudi nyuma: kucha inanenepa, inaachana na nyama, na chini yake unakuta ungaunga unaomeguka. Ukijani mara nyingi ni bakteria wa majimaji, na dawa ya fangasi haiwagusi.

Mikononi, maji na kostiki soda humaliza mafuta ya ngozi na kubandua ule utando mwembamba unaoziba shina la kucha. Ukishabanduka, unyevu na Candida, fangasi wa jamii ya hamira, hupata njia. Nyama inavimba, na kucha inaota na mabonde. Tafadhali, usikubali utando huo ukatwe saluni. Miguuni kisababishi kikubwa ni Trichophyton rubrum, fangasi anayeanzia kwenye ngozi, hasa katikati ya vidole, ndani ya gambuti lililoloa zamu nzima.

Glavu za mpira peke yake hazitoshi, kwani jasho nalo ni maji. Vaa glavu nyembamba za pamba ndani, na uzibadilishe zikilowa. Kila asubuhi jaza glavu ya mpira maji, funga mdomo, ibonyeze: tundu dogo huingiza maji ya rangi na kuyafungia humo siku nzima, hali mbaya kuliko mkono mtupu unaokauka. Gambuti ziwe jozi mbili za kupokezana, ili kila jozi ikauke siku nzima. Kuachiana gambuti kati ya zamu na zamu kukomeshwe. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, kwa hiyo mfanyakazi asione aibu kudai jozi ya pili.

Usimeze vidonge kabla ya kipimo. Takriban nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi kabisa. Maabara wakwangue ule unga wa ndani, karibu na mpaka wa sehemu nzima isiyoharibika. Ncha iliyokufa mara nyingi haitoi jibu. Akithibitika Trichophyton, dawa ya kawaida kwa mtu mzima ni terbinafine miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa mikono, 12 kwa miguu, daktari akiwa ameangalia ini kwanza. Kwa Candida dawa hiyo ni dhaifu. Itraconazole hufaa zaidi.

Wengi hukata tamaa dozi ikiisha na kucha bado mbovu. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, ya dole gumba la mguu karibu nusu ya hapo, hivyo huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kujibadili yote. Chora mstari kwa tupa kwenye mpaka wa sehemu nzima: ubovu ukibaki mbele ya mstari unaposogea, dawa imefanya kazi.