Mishumaa ya nta kabla ya bato kuondoka: kumbukumbu ya mradi, Bukavu

Lengo ni dogo. Mtu anayepita Bukavu kwa siku moja au mbili aingie saa tatu asubuhi, atengeneze mshumaa wa nta ya nyuki kwa mikono yake, na saa sita mchana awe ameufunga mkobani, tayari kushuka bandarini kupanda bato ya Goma. Ugumu wote uko kwenye muda. Nta huyeyuka chini ya saa moja. Kuganda hadi moyoni ni habari nyingine, na hakuna bato inayosubiri mshumaa.

Meza ni ya watu sita. Zaidi ya hapo foleni kwenye kopo la nta inakuwa ndefu, na sababu itaonekana mbele.

Nta

Tunanunua kwa wauza asali wanaoshuka kutoka Kabare, ingali kwenye masega. Iliyokwisha yeyushwa haipatikani kila wiki, na mara nyingine imeongezwa mafuta. Kuitambua si kazi: nta safi ikivunjwa ikiwa baridi huacha uso wa chembechembe usiong'aa, yenye mafuta huteleza vidoleni na kushika alama ya ukucha kwa urahisi.

Masega yanalowekwa usiku kucha ili asali itoke. Hatua hii watu hupenda kuiruka, halafu wanalaumu utambi. Asali haiwaki kama nta: ikibaki ndani inapanda na utambi, inaungua na kuziba njia, mwali unatapatapa, unalia pa-pa-pa, kisha unazimika.

Maji yawe ya mvua. Ya Ziwa Kivu yana madini mengi, na maji yenye chokaa hushikana na sehemu ya nta na kuacha ukoko wa kijivu, laini kama sponji, chini ya donge. Sufuria iwe ya inoksi, chuma kisichoshika kutu. Chuma kitupu hugeuza nta kuwa ya kahawia, shaba huipa rangi ya kijani.

Baada ya kuloweka, masega yanakamuliwa, yanatiwa kwenye foronya kuukuu ya pamba, mdomo unafungwa, na mfuko unazamishwa kwenye maji ya moto yasiyochemka. Tunaukandamiza kwa mwiko hadi nta yote ipande juu. Kisha mfuko unaondolewa na sufuria inafunikwa kwa blanketi hadi kesho. Ikipoa haraka uchafu unanaswa katikati. Ikipoa polepole unashuka na kukaa chini ya donge, na kesho yake unakwanguliwa kwa kisu. Yeyusha mara ya pili, chuja kwa shati kuukuu la pamba.

Kilo 3 za masega mapya zilitupa kilo 1.1 ya nta. Kilo 3 za masega meusi, yale ambayo nyuki wamelelea watoto miaka na miaka, hazikufika hata gramu 600. Masega meusi yanauzwa kwa bei ndogo, lakini ukipiga hesabu ya makala (makaa) na jasho hayana faida.

Joto

Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Ikikaa juu ya 85 inaanza kukoza rangi na kupoteza harufu yake ya asali, yaani kitu kilekile ambacho mgeni alikuja kukinunua. Kwa hiyo kopo la nta halikai juu ya moto. Linakaa ndani ya sufuria ya maji. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Hilo ni kinga ya bure, ila bado ni juu ya 85. Nta ikishayeyuka yote, sufuria inashuka kutoka kwenye mbabula, jiko la makala.

Mbabula yenyewe inabaki nje, hata mvua ikinyesha. Makala kwenye chumba kilichofungwa huua bila harufu. Ndani tunaingiza ndoo ya maji ya moto tu, na kopo la nta linasimama ndani yake. Kwa vipimo vyetu nta hushuka kutoka 75 hadi 68 kwa dakika ishirini hivi, basi maji yanabadilishwa kila dakika kumi na tano. Mfuniko wa sufuria uko mezani muda wote. Nta ikishika moto inafunikwa. Haimwagiwi maji hata kidogo: maji yanalipuka kuwa mvuke chini ya nta na kuirusha ikiwaka.

Jaribio la 1: kumimina kwenye mianzi

Lilionekana zuri kwenye picha. Mwanzi wa upana wa sentimita 5 unapasuliwa kati kwa urefu, unalowekwa saa kadhaa ili usinywe nta, unapanguswa, nusu mbili zinafungwa tena kwa mpira wa tairi la baiskeli. Utambi unapitishwa katikati, tundu la chini linazibwa kwa udongo. Kujua kiasi cha nta, jaza kalibu maji na uyapime: mililita 200 za maji ni gramu 192 za nta ya nyuki, kwa kuwa uzito wake ni 0.96 ya maji. Parafini ni 0.9, yaani gramu 180.

Tulimimina kwenye 70. Baada ya saa mbili nje ilikuwa ngumu na ndani bado uji. Kalibu iliyofunguliwa muda huo ilitoa mshumaa uliochuruzika ubavuni. Iliyoachwa saa nane ilitoka safi, ikiwa na shimo dogo kandokando ya utambi. Nta husinyaa inapoganda, na sehemu ya mwisho kuganda ndiyo inayovutwa. Dawa yake ni kutoboa juu kwa kijiti wakati ukoko umeanza kushika, kisha kumimina nta kidogo mara ya pili. Sawa, lakini saa nane! Mianzi imebaki kwa wale wanaolala usiku mbili.

Bokali za kioo zilifuata na ziliondolewa siku hiyohiyo. Nzito, zinavunjika njiani, na nta ya nyuki tupu hujiondoa kwenye kioo na kupasuka.

Jaribio la 2 na la 3: kuchovya

Hapa ndipo muda ulipoanza kutii. Mshumaa wa kuchovya unaganda tabaka kwa tabaka, kwa hiyo unapomaliza tabaka la mwisho moyo umeshakuwa mgumu kitambo.

Kopo ndilo la kufikiria kwanza. Mshumaa wa sentimita 15 unahitaji kina cha 20, na kina hicho kinabaki palepale hata kama nta inayotumika ni kidogo. Fundi wa bati alitukatia bomba la kipenyo cha sentimita 8 na urefu wa 22, akaliziba chini kwa lehemu. Likijazwa hadi 20 linashika gramu 850 hivi za nta iliyoyeyuka. Watu sita wakitoa mishumaa miwili kila mmoja, ya unene wa sentimita 1.5, wanatumia gramu 300 tu. Zinazobaki ni za kujaza kina. Ndiyo maana hatuanzi na chini ya kilo 1.2: sehemu moja koponi, nyingine kwenye sufuria ndogo ya kuongezea kina kinaposhuka. Wapo wanaopandisha nta kwa kumimina maji ya moto chini yake. Inafanya kazi, hadi ncha ya mshumaa iguse maji. Tone likifungiwa ndani, mshumaa utalia siku ya kuwashwa. Tumeacha.

Na lehemu: ile ya bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 183. Ndani ya maji haina shida maisha yote. Mtu akiliweka kopo moja kwa moja kwenye makala, kitako kinaachia na nta yote inaingia motoni.

Utambi unakatwa mara mbili ya urefu, pamoja na nafasi, na kuning'inizwa juu ya kijiti ili mtu achovye miwili kwa pamoja. Kila ncha inafungwa nati ndogo ya boliti. Mchovyo wa kwanza ni wa kusubiri: acha utambi ndani dakika nzima, hadi mapovu yakome. Hewa inatoka, nta inaingia. Ukiinua, unyooshe kwa vidole kabla haujakauka, kwa sababu mpindo wa sasa hauondoki tena. Baada ya mchovyo wa tatu nati inakatwa, uzito wa nta unatosha.

Kuanzia hapo ni kuingia na kutoka, sekunde mbili tatu, bila kusita. Joto la kopo 70 hadi 75. Aliyechelewesha mkono huona mshumaa umekonda badala ya kunenepa; nta ya moto imeyeyusha tabaka la jana, kama tunavyosema kwa mzaha. Nta ikishuka chini ya 67 inaacha manundu na mikunjo, kama soksi iliyoshuka. Kati ya mchovyo na mchovyo dakika tatu. Watu sita wanazunguka meza kwa mstari, kila mmoja akitumia nusu dakika koponi, na anaporudi zamu yake dakika tatu zimepita zenyewe. Hakuna anayeshika saa. Wakiwa wanane, tabaka linapoa mno na yanayofuata hayashiki vizuri. Ukiukata mshumaa huo unaona pete zinaachana kama kitunguu.

Michovyo 18 hadi 20 hutoa sentimita 1.5. Ukifika wa kumi, viringisha mshumaa juu ya kioo chenye unyevu ili unyooke. Wa mwisho unafanywa kwenye 78, haraka, ndio unaoleta mng'ao. Kitako kinakatwa kwa kisu kilichopashwa moto.

Jaribio la 4: kukunja

Hili ni la anayechelewa kufika. Ubao laini usio na mafundo unalowekwa, unatolewa, unachovywa mara mbili au tatu kwenye nta ya nyuzi 70 iliyo katika beseni pana, na karatasi ya nta inabanduka kila upande ukipitisha kisu ukingoni. Ubao uwe na uvuguvugu. Ukiwa baridi karatasi inapasuka kabla haijabanduliwa. Karatasi ya sentimita 10 kwa 20, unene wa milimita 1.5, ina gramu 29, na ikikunjwa kwa kubanwa hutoa mshumaa wa unene wa karibu sentimita 2. Kunja ikiwa bado na joto la mkono. Nafasi yoyote iliyobaki kati ya mikunjo ni njia ya hewa, na mshumaa utaungua upande mmoja na kuchuruzika. Uliobanwa vizuri uliwaka saa nne na zaidi.

Utambi

Kama kuna mahali pa kutumia uvumilivu ni hapa. Kwanza hakikisha ni pamba. Choma kipande: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu, uzi wa plastiki hujikunja na kuwa shanga nyeusi. Uzi mwingi unaoitwa pamba sokoni ni mchanganyiko, na shanga hiyo ndiyo inayoziba mwali.

Pili, suka, usisokote. Utambi wa kusuka hujipinda unapoungua, ncha yake inatoka pembeni mwa mwali, inakutana na hewa na kuisha yenyewe. Mfaransa Cambacérès ndiye aliyeuleta mwaka 1825. Kabla ya hapo watu walikaa na mkasi kando ya mshumaa. Msuko una alama za V: zisimame kama V, mdomo juu.

Tatu, dawa. Kijiko kimoja kikubwa cha chumvi na vitatu vya boraksi kwenye mililita 300 za maji ya uvuguvugu, utambi ulale humo saa 24, ukauke siku tatu. Boraksi ni ileile ya wafua dhahabu, isikae karibu na vyombo vya chakula. Bila dawa utambi unaacha kaa jekundu linaloendelea kufuka moshi baada ya kuzimwa. Kwa hali ya hewa ya hapa wakati wa mvua siku tatu hazitoshi, tunauanika juu ya jiko.

Unene ulitugharimu mishumaa kumi na moja. Nta ya nyuki ikiyeyuka ni nzito kuliko parafini, hivyo utambi uliotolewa kwenye buji (mishumaa ya parafini) za dukani unazama ndani yake: mwali mdogo, dimbwi linajaa, giza. Misuko ya nyuzi 9 ilizama. Ya 15 ilifaa mshumaa wa sentimita 2. Kwenye wa 1.5 ilitoa moshi na kuyeyusha ukuta. Sasa wa 1.5 unapewa 12. Hesabu hizi ni za uzi wetu, uzi mwingine una unene wake, kwa hiyo washa mmoja saa nzima kabla ya kusuka mita kumi. Mwali uwe wa sentimita 3 hivi, umetulia, na dimbwi liache ukuta mwembamba tu pembeni. Ukisuka kwa kukaza sana, hata nyuzi 15 zitazama, nta haipati pa kupita.

Mawese

Karibu kila kikundi kina anayeuliza kwa nini tusiongeze mafuta ya mawese, ni bei rahisi. Tulijaribu asilimia 20. Mshumaa ulikuwa laini kama sabuni iliyolowa, ukatoa moshi. Mawese huyeyuka karibu na nyuzi 35.

Kufunga

Kwa karatasi, si kwa mfuko wa plastiki, ambao huhifadhi unyevu na kuacha mabaka. Anayepanda bato ya usiku hana wasiwasi, ziwa lina ubaridi. Anayeshuka Uvira ndiye wa kuangaliwa. Kule ni chini na joto ni jingine, na nta ya nyuki huanza kukubali kupindwa kwenye nyuzi 35, wakati ndani ya gari lililoegeshwa juani ni zaidi. Mishumaa yake inalazwa ndani ya nusu ya mwanzi, utambi ukiwa haujakatwa, inafungwa pamoja kama bandeji ya mkono uliovunjika, na mwanzi unalala mlalo katikati ya nguo. Ikisimamishwa inafika imeinama.

Baada ya wiki kadhaa mahali pa baridi mshumaa utafunikwa na unga mweupe. Si ukungu, ni nta yenyewe inayopanda juu. Sugua kwa kitambaa kikavu.