Pangaboi au sola?

Upepo wa kusi ukivuma hapa Mikindani, mabati ya banda langu la samaki hugonga usiku kucha. Binamu yangu akiyasikia ananiambia, "Umeme huo unapotea bure, nunua pangaboi la kufua umeme kwa upepo!" Kweli, sola yangu jua likizama imemaliza kazi, friza inabaki na betri.

Lakini kasi ya upepo ikipungua nusu, nguvu yake inabaki sehemu moja ya nane tu. Maleleji, kile kipindi cha upepo kutulia kati ya kusi na kaskazi, yakifika bahari inalala kama kioo. Samaki wangu watangoja? Na chumvi hii inavyotafuna vyuma! Paneli naifuta kwa kitambaa, basi.

Nimeongeza betri. Mabati nitayapigilia Jumamosi.