Mguu unaokimbilia nyuma kwenye troti

Kwenye troti, yaani farasi anapokwenda mbio za polepole, mguu wako ukirudi nyuma kila unapoinuka tandikoni, chanzo mara nyingi ni goti. Abiria wa boda hapa Kampala hubana magoti dereva akikata kona. Juu ya farasi, goti lililobana tandiko huwa bawaba: kisigino hupanda, kifua hulalia shingo.

Kagua vikuku kwanza, yaani vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwa mikanda. Gusa kwa vidole pale mkanda unapoanzia tandikoni, nyoosha mkono. Chuma kifike kwapani. Kikanyage kwa sehemu pana ya wayo, si katikati.

Farasi akitembea, shika manyoya ya shingo usimame hatua 10. Ukiangukia nyuma, nyayo zimetangulia mno. Ukilalia shingo, zimebaki nyuma. Kisha kwenye troti: simama mapigo 2 ya hatua zake, keti 1. Mapaja yatawaka moto, ila zoezi hili halidanganyi.

Usijirushe. Mgongo wa farasi ukusukume, nyonga ziende mbele kidogo, kisha keti polepole. Kwenye duara, inuka bega lake la nje linapokwenda mbele. Murram, ule udongo mwekundu wa barabara, ikilowa mvua, tembeza tu, itateleza.