Mabaki ya kukereza yaliyogoma kuyeyuka kwenye tanuru la induksheni

Tanuru letu la induksheni liliyeyusha vipande vikubwa vya alumini vizuri, ila mabaki membamba ya kukereza (vinyoleo vinavyotoka metali ikichongwa kwenye mashine) yalibaki vilevile. Niliongeza nguvu ya umeme, wapi! Tanuru la koili za joto (nyaya zinazopashwa moto kwa umeme) liliyayeyusha, maana halijali ukubwa wa kipande, lakini polepole mno na uchafu ukaelea tele.

Induksheni hupasha kwa mkondo wa umeme unaozunguka ndani ya metali yenyewe. Kipande kikiwa chembamba, mkondo hauna nafasi ya kuzunguka. Sasa simimini yote: naacha alumini iliyoyeyuka kidogo ndani ya chungu, kwenye kitako, ili mkondo upate pa kuzunguka, nakausha mabaki kabisa (unyevu hulipuka!), kisha nayazamisha humo kidogo kidogo. Nasisitiza kuzamisha: yakielea juu, huungua hewani.