Kumpigia debe mgombea wa usalama Lewiston, Maine: uzoefu wangu

Mwaka 2024 nilijitolea kumpigia debe mgombea wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Maine, nchini Marekani, hapa Lewiston, aliyesimama kwa ajenda moja kubwa: usalama wa raia. Jina lake silitaji, maana habari hii si yake. Ni yetu sisi tunaosema Kiswahili katika mji huu, wengi tuliotoka Kivu na baadhi tuliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na jinsi tulivyofika mahali pa kumkalisha mtu anayetaka kura zetu, tukamuuliza, akajibu.

Lewiston ni mji wa watu kama 37,000, kando ya mto Androscoggin. Jioni ya tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliingia kwenye ukumbi wa bolingi, kisha kwenye baa, akaua watu 18. Tuliamriwa kujifungia ndani, na ikawa hivyo mpaka jioni ya tarehe 27, siku aliyokutwa amekufa. Simu zililia kwa matangazo ya dharura, yote kwa Kiingereza. Kwenye jengo letu kulikuwa na wazee waliosikia ule mlio wa kutisha wasijue unawaambia wakimbie au wakae. Nilikuwa narekodi sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa: msifungue mlango, msishuke kufua nguo, watoto wasitoke. Ndiyo maana mwaka uliofuata, kila aliyegombea, wa chama chochote, neno lake la kwanza lilikuwa usalama.

Mimi nilitaka kwanza kujua mwenye kiti hicho anaweza kufanya nini hasa. Kipeperushi cha mgombea wetu kiliahidi mitaa salama. Lakini polisi wa mji wanalipwa kwa bajeti inayopitishwa na halmashauri ya mji. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, naye anapigiwa kura kivyake. Mwakilishi anayekwenda Augusta, mji mkuu wa jimbo, hana mamlaka ya kukupangia doria mtaani kwako. Mamlaka aliyonayo ni mengine, tena mazito: sheria za bunduki, sheria za jinai, fedha za jimbo za huduma ya afya ya akili, na mgawo wa kodi ya mauzo na ya mapato ambao jimbo huirudishia miji, asilimia 5 kwa mujibu wa sheria.

Chukua mfano wa bunduki. Maine ilikuwa na sheria ya mwaka 2019 ya kumnyang'anya silaha kwa muda mtu aliye hatarini kudhuru wengine au kujidhuru, ila ni lazima polisi wamweke kwanza chini ya ulinzi, halafu apimwe na mtaalamu wa afya, ndipo mahakama iamue. Tume huru iliyochunguza mauaji yale ilisema polisi wa kaunti walikuwa na sababu za kutosha za kuitumia sheria hiyo wiki kadhaa kabla, na hawakuitumia. Basi swali la kumuuliza mgombea lilikuwa wazi: utaiacha sheria kama ilivyo, au utaruhusu familia iende mahakamani yenyewe? Hilo ni swali la usalama lenye jibu la ndiyo au hapana, na nililipenda kuliko maneno yote ya kwenye kipeperushi. (Mwishowe wananchi wenyewe walilijibu kwa kura ya maoni Novemba 2025: familia sasa inaweza kwenda mahakamani.)

Kazi yenyewe ilianza na dola tano. Maine ina mpango wa jimbo wa kugharamia kampeni: anayegombea Baraza la Wawakilishi akipata watu 60 wa eneo lake, walioandikishwa kupiga kura, kila mmoja akatoa dola 5 kwenye mfuko huo, anafadhiliwa na fedha za umma badala ya kutegemea wenye pesa. Nilizunguka kwa ndugu zetu ambao tayari ni raia. Mzee mmoja, ambaye hajawahi kupiga kura popote maishani mwake, alisaini fomu polepole, herufi moja moja, akaniomba nimpigie picha hiyo karatasi. Dola zake tano zilihesabiwa sawasawa na za mwenye kiwanda. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo mgombea ndiye anayegawa pesa na kanga, hilo lilitufanya tuketi na kuongea saa nzima.

Wakati wa kugonga milango nilipewa orodha ya walioandikishwa tu. Jengo la ghorofa tatu lenye familia sita lina majina mawili. Nikaomba nigonge milango yote, kwa sababu risasi haiulizi nani ana uraia. Nilikubaliwa, kwa sharti ambalo mwenyewe nililishika kwa mikono miwili: kwa asiye raia, usiguse kabisa habari ya kujiandikisha. Mtu akijiandikisha kupiga kura bila kuwa raia anaweza kuiharibu kesi yake yote ya uhamiaji, hata kama aliambiwa ni sawa. Kipeperushi nacho hakitiwi kwenye sanduku la barua. Sheria ya taifa inakataza. Unakibana mlangoni au unampa mtu mkononi.

Nilipiga hodi kwa Kiswahili, na milango iliyokuwa kimya kwa wenzangu ilifunguka. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alinishika mkono akanitoa nje kwenye ngazi za nyuma, zile za mbao. Taa imekufa, kidaraja kimoja kimelegea, na ndani ya mlango ameegemeza fimbo ya ufagio chini ya kitasa. "Usalama wenu unaanzia wapi?" akaniuliza. "Wangu unaanzia hapa."

Nikamwomba atuazime sebule yake. Mgombea alikuja na karatasi ya hotuba, nikamwomba kwa heshima aiweke kwanza. Kina mama wangeanza. Chai ikamiminwa, maandazi yakapita, nami nikawa mkalimani. Mama mwenye nyumba akauliza: siku zile za kujifungia, nani alipaswa kuniambia kwa lugha ninayoisikia? Jibu la kwanza lilikuwa refu na halikubeba kitu. Mama akasubiri nimalize kutafsiri, akasema, "Mwanangu, mwambie bado hajanijibu." Nikamwambia hivyo hivyo. Mgombea akanyamaza, akatoa daftari, akaandika, kisha akasema angedai kisheria matangazo ya dharura yatoke kwa lugha za watu wanaoishi hapa. Kuhusu taa na ngazi alisema kweli: hilo haliko Augusta, liko kwa halmashauri na mwenye nyumba, na diwani wa kata yenu ndiye wa kumfuata. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo la pili. Baba mmoja alitaka kujua mwanawe wa miaka kumi na sita afanye nini akisimamishwa na polisi usiku akitoka kazini, na mazungumzo hayo yalichukua muda kuliko mengine yote, kwa sababu kwetu usalama ni kulindwa na polisi na pia kutowaogopa.

Novemba mgombea wetu alishindwa. Nilisikitika sana, sitaficha. Lakini kina mama hawakuvunja kikao. Huku Maine miswada hufanyiwa kikao cha wazi mbele ya kamati, na ipo kamati ya pamoja ya sheria za jinai na usalama wa umma. Ili kutoa maoni pale, si lazima uwe raia wala mpiga kura. Unaweza kusimama dakika chache au kutuma maandishi kwa mtandao. Tulikaa meza ile ile tukaandika maneno ya mama, yeye akisema, mimi nikiyatia kwenye Kiingereza, binti yake akisahihisha. Tuliyatuma. Taa ya ngazi nayo tuliifuatilia kwa diwani mpaka ikawekwa.

Viti vyote 151 vya baraza vinagombewa tena tarehe 3 Novemba 2026, na raia ambaye hajajiandikisha anaweza kufanya hivyo hata siku yenyewe ya kura. Mgombea atakayebisha hodi kwetu, awe wa chama gani, atapewa kiti na chai, kisha atapewa maswali matatu kwa maandishi: matangazo ya dharura kwa lugha zetu, fedha za afya ya akili, na atapigaje kura sheria ya bunduki itakapofika mbele yake. Mama wa ghorofa ya tatu ndiye atakayeuliza kwanza.