Wiki tatu nimeituhumu swichi bure

Imepatikana, sababu ya injini ya dau langu kuzimika ovyo! Naandika vidole vingali na grisi, simu inateleza, lakini nikingoja kesho nitasahau nusu.

Kwa asiyefuatilia: ni lile dau langu la futi kumi na sita, injini ya Kichina ya pampu ya maji, nguvu za farasi 6.5, na mkia wa mita mbili, yaani ule mhimili mrefu wenye propela mwishoni. Mkia ulishakwisha na unachapa matope vizuri. Kilichobaki kilikuwa uendeshaji: eksileta kwenye kana (mkono wa kuongozea dau), swichi ya kuzima yenye kamba ya kufunga mkononi, halafu stata ya umeme, maana kuvuta kamba ya injini huku dau linakwenda mrama kumeshanitia maumivu ya bega.

Eksileta sina maneno mengi. Nilichukua mkono wa pikipiki ya Boxer pamoja na waya wake, vitu ambavyo siku hizi unavipata hata Mokowe, ng'ambo ya Lamu. Kosa nililofanya mwanzo ni kuufunga waya moja kwa moja kwenye kipepeo cha kabureta (kijibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) nikamruka gavana (wa injini, kile kidhibiti mwendo, si wa kaunti). Nilipopita juu ya fungu na propela ikatoka majini, injini ililia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Injini hizi zimewekewa mpaka wa mizunguko 3,600 kwa dakika. Ukimtoa gavana hakuna wa kuizuia, na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikivunjika umebaki na chuma chakavu. Sasa waya unavuta springi ya gavana, naye ndiye anayeamua kipepeo kifunguke kiasi gani. Propela ikitoka, anafunga mwenyewe. Dakika ishirini za kazi, na nilipoteza Jumapili mbili kwa ubishi.

Ila mkono wa kuzungusha siupendi. Dau likigonga mzizi wa mkoko, unayumba, unashika kwa nguvu, na kushika kwa nguvu ndiko kuongeza mafuta. Ningeanza upya ningetumia kile kiwiko kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba, kinachokaa ulipokiacha.

Basi swichi. Kamba unaifunga mkononi, ukianguka majini kipini kinachomoka, waya wa koili, inayotoa cheche za plagi, unagusa bodi ya injini na cheche zinakatika. Waya mmoja, swichi moja. Siku ya kwanza nikaenda nayo mpaka kwenye kijito cha Takwa, kisiwani Manda, na pale mdomoni, penye kina, injini ikazima. Si kwa kukohoa kama iliyokosa petroli. Tap! Kama mtu kazima taa. Nikavuta kamba, ikawaka mvuto wa kwanza. Mita hamsini, tap!

Kitu kipya kilikuwa swichi, kwa hiyo mshtakiwa akawa swichi. Nikaifungua, nikaikausha, nikaipulizia WD-40. Nikanunua nyingine. Nikabadilisha waya wote, nikaupitisha ndani ya mpira wa maji ya bustani usiguse chumvi. Nikaacha kuunga kwa risasi, nikawa nabana kwa koleo, kwa sababu waya uliotiwa risasi unakuwa mgumu na mtetemo unaukata palepale inapoishia risasi (hili nalisimamia, mafundi wa redio mseme mtakavyo). Nikapima kwa mita hadi betri ya mita ikaisha. Kila nikipima gatini, safi. Nikizunguka mbele ya mji, safi. Nikifika Takwa, tap! Mara ya nne nilirudi kwa kasia na maji yanakupwa, nikalala juu ya tope kwa muda wa saa tano na mbu. Ami yangu, ambaye maisha yake yote ni tanga, alinipokea kwa neno moja: "Tanga halina plagi, mwanangu."

Usiku huo nilikuwa tayari kuitupa koili.

Leo asubuhi injini ilikuwa uani, imefungwa kwenye benchi, propela nimeitoa, mwisho wa mkia umelala juu ya pipa. Inaunguruma robo saa bila tatizo. Mpwa wangu akaja kutaka pipa lake la maji. Nikamwambia ngoja, hakungoja. Akalivuta, mkia ukashuka chini. Tap!

Tulitazamana. Nikauinua mkia, nikawasha, ikawaka. Nikaushusha, ikazima. Tulirudia kama mara kumi, yeye anacheka na mimi karibu nilie.

Ni kihisi cha mafuta ya injini. Ndani ya tumbo la injini, mnamokaa mafuta, kuna kielea. Mafuta yakipungua, kinagusisha waya uleule wa koili na bodi ili injini isife. Kazi ileile ya swichi yangu, waya uleule, ndiyo maana mita haikuweza kunitenganishia. Kwenye pampu injini inakaa sawa, hakuna shida. Kwenye mkia mrefu, ukifika penye kina unainua kana ili propela izame, injini inalala, mafuta yanakimbilia upande mmoja, kielea kinadhani yamekwisha. Gatini nilikuwa siinui kana. Mdomoni mwa Takwa kila mtu anainua.

Nimeuchomoa waya wa njano wa kihisi hicho na kuuziba ncha. Lakini kielea hakikusema uongo mtupu: mafuta humu hurushwa na kijiko kilicho chini ya konrodi, na injini ikilala mno kijiko kinachota hewa. Kwa hiyo nimechonga kabari ya mvule na kuitia chini ya kitako cha injini, ili mkia ukiwa kwenye pembe ya kazi injini iwe karibu sawa. Na kijiti cha mafuta nitakitazama kila safari, maana sasa hakuna wa kunionya.

Stata ya umeme naiahirisha. Betri, chaja, chumvi... Nikichonga kabari nimeona kapi la zamani la ami likining'inia ukutani, na tangu hapo siwazi kingine: kamba kutoka kwenye kana, ipite kapi hapo tezi (nyuma ya dau), ijifunge kwenye kigingi, nichague kina cha mkia bila kuubeba kwa mkono safari nzima. Nimeshamwomba kapi. Amesema nitalipata nikimpeleka Takwa na kumrudisha bila kushika kasia. Ijumaa ni bamvua, siku za maji makubwa, maji yatajaa kama saa kumi jioni.