Mchicha wa Watu

Binti yangu amejua kusoma, na tangu hapo hakuna kilichosalimika ndani ya nyumba hii. Anasoma dawa ya meno. Anasoma barua za benki kwa sauti mbele ya wageni. Jumamosi alipanda kiti akasoma kopo la bluu la kahawa lililo juu ya kabati, lile ninalowekea mbegu za mchicha.

"Baba, Maxwell ni nani? Na hiyo nyumba yake iko wapi?"

Nikamwambia Maxwell House ilikuwa hoteli, katikati ya mji huu huu wa Nashville. Ilifunguliwa 1869 na ikaungua Krismasi ya 1961. Bwana mmoja aitwaye Joel Cheek aliwauzia kahawa yake mwaka 1892, wakaipenda, naye akaipa kahawa jina la hoteli. "Kwa hiyo nyumba haipo," akasema, akashuka kwenye kiti na kurudi kwenye katuni zake.

Nyumba ipo. Ila haiitwi Maxwell. Mimi nimepalilia maua yake, na yeye mwenyewe amekula mboga yake kabla hajazaliwa.

Nyumba yenyewe ni Cheekwood, nilikofanya kazi ya bustani. Kwa kifupi, Leslie Cheek, binamu wa huyo Joel, alikuwa ameweka fedha zake kwenye kahawa ile. Mwaka 1928 kampuni ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 40, na yeye na mkewe Mabel wakanunua ekari 100 za msitu nje kidogo ya mji. Wakamwajiri Bryant Fleming, mtu wa New York, awachoree jumba na bustani pamoja. Wakaenda naye Uingereza kununua milango ya zamani, vinara na mapambo ya meko. Kazi ilianza 1929 ikaisha 1932, na mwenye nyumba akafariki 1935. Baadaye binti yao na mumewe wakalitoa jumba liwe mali ya umma, na mwaka 1960 likafunguliwa kama bustani ya mimea na makumbusho ya sanaa.

Mimi habari za miaka ile nilikuwa nikizisikiliza kwa sikio jingine. Babu yangu kule Kibosho, Kilimanjaro, alikuwa mtu wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933 baada ya kile cha kwanza cha wapandaji cha 1925. Yaani mafundi wa Tennessee walipokuwa wakipandisha kuta za mawe, wazee wa Kilimanjaro walikuwa wakilia na bei ya kahawa iliyoporomoka dunia nzima. Sisemi kahawa ya babu iliingia kwenye kopo lile. Sina ushahidi, na mibuni yake yenyewe ilikuwa michache, imejificha chini ya migomba. Lakini siku ya kwanza nilipokabidhiwa jembe mbele ya jumba la kahawa nilicheka peke yangu, na mwenzangu wa Bukavu, Kongo, akaniuliza kama ni jua.

Kingine kilichonichekesha ni ile habari ya Cheekwood kutokuendeshwa kwa faida. Nilidhani maana yake ni watu wasiohesabu hela. Kumbe wanahesabu mpaka mbegu. Faida haigawiwi kwa mtu, lakini bomba likipasuka fundi anataka chake, na paa la jumba la 1932 halisubiri. Kwa hiyo kuna viingilio, kuna kadi za uanachama, kuna wahisani ambao wakitoa wanapunguziwa kodi, na kuna misimu: tulipu majira ya kuchipua, maboga vuli, taa milioni moja Desemba. Na juu ya yote kuna harusi. Bibi harusi mmoja wa Jumamosi anamwagilia maua mengi sana.

Mkuu wetu wa bustani alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Tennessee, mwenye magoti mabovu na macho ya mwewe. Sisi wa Kiswahili tulimwita Mama Bustani. Alijua, akafurahi.

Jumatatu moja ya Agosti akatukusanya kutuonyesha adui. Aliinua mche mmoja kwa shina, mizizi ikining'inia, akasema huyu ndiye anayewaliza wakulima wa pamba na soya. Dawa ya magugu waliyoitegemea haimwui tena, na mche mmoja unaweza kumwaga mbegu laki kadhaa. Mkimwona, ng'oeni na mizizi.

Yule wa Bukavu akaniegemea. "Kaka, hii si lengalenga?"

"Ni mchicha."

"Bazungu banachukia lengalenga?"

Tukang'oa kwa bidii ambayo Mama Bustani aliisifia mbele ya watu wote. Jioni tukagawana, na wiki ile adui tukamla kwa ugali.

Alhamisi nikatumwa peke yangu kupalilia tuta moja karibu na jumba. Jamani. Mchicha ulionifika begani. Majani mekundu kama divai, shina nene kama mpini, na ncha laini, zile ambazo ukizivunja zinalia *tik*. Mtu aliyelelewa mgombani hapiti hapo. Mikono inajiongoza yenyewe.

Kwa miaka kadhaa nimekisimulia kisa hiki nikisema nilidhani ni magugu, kwamba nilimwona ndugu wa yule adui wa Jumatatu. Watu hucheka na hadithi inapita. Lakini kama kweli nilidhani ni magugu, mbona sikung'oa? Nilichuma. Nilivunja ncha moja moja, nikaacha shina lichipue tena, kama mama alivyonifundisha. Mtu hachumi magugu. Nilijaza mifuko miwili ya plastiki nikaitia kwenye begi la chakula, chini ya sweta, na sweta ya nini Tennessee mwezi wa nane?

Mke wangu, akiwa na mimba ya huyu msomaji, aliupika na vitunguu na tui la kopo. Mchuzi ukawa mwekundu. Akala sahani mbili.

Ijumaa asubuhi redio za mkononi zikakoroma. Vichwa vyote vya lile tuta vimekatwa. Na lile halikuwa tuta la hivi hivi: ule ulikuwa mchicha wa mapambo, uliopandwa mahsusi na kuhesabiwa siku ili mashada yake mekundu yafunguke wikiendi ile, nyuma ya maharusi wa Jumamosi. Mama yake bibi harusi alikuja mara mbili kuutazama.

Mama Bustani alizunguka tuta polepole. Kisha akasema neno moja: kulungu.

Ni kweli kulungu wa Nashville hawana adabu, wanakula maua ya watu mpaka kizingitini. Wote wakakubali. Wakaenda kutafuta vyungu vya maua vya kuziba pengo. Yule wa Bukavu alinitazama, akatazama mashina yaliyovunjwa kwa kimo kimoja kama yaliyopimwa kwa rula, akaenda zake bila kusema kitu. Nami nikabeba vyungu pamoja na wengine, tena nikatikisa kichwa kuhusu kulungu.

Jumapili usingizi haukuja. Alfajiri nikawaza isale.

Wasio wa Kilimanjaro: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na penye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unampelekea jani lake lililofungwa fundo. Akiletewa, hakatai. Hapeleki mkosaji mwenyewe, hutangulizwa mzee, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikifuata si vibaya. Mimi Nashville sikuwa na mzee wala mbege. Isale nilimkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, upande wa maua ya ndani, ndani ya chungu cha plastiki, dola 19. Kwetu ni mpaka na msamaha, huku ni pambo la kwa daktari wa meno.

Jumatatu nikakata jani moja, nikalifunga fundo, nikalitia ndani ya koti. Mama Bustani alikuwa ghorofani kwenye kikao na wahisani, nikaambiwa nimsubiri ndani ya jumba. Nikajikuta peke yangu chumba cha sanaa, mbele ya kazi ya William Edmondson. Mtoto wa watumwa walioachwa huru, mtu wa hapa hapa Nashville. Alikuwa kibarua wa hospitali, alianza kuchonga akiwa mtu mzima kwa mawe ya chokaa ya majengo yaliyobomolewa, na alisema ni Mungu aliyemwagiza. Alianza na mawe ya makaburi, na mwaka 1937 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Nilikuwa nikijaribu kumfikiria Edmondson ili nisimfikirie Mama Bustani.

Mlinzi akanisogelea. Mtu ametulia mbele ya jiwe la thamani, mkono ndani ya koti, jasho linamtiririka. Nami ningemsogelea.

"Una nini humo, ndugu?"

"Jani."

Nikalitoa. Akaliangalia pande zote mbili, akaangalia fundo, akanirudishia. "Usiliguse jiwe," akasema, akakaa hapo hapo mpaka nilipoitwa.

Ofisi ya Mama Bustani ilinuka mboji. Kalenda ukutani, harusi zimezungushiwa kalamu nyekundu. Nilinyoosha jani kwa mikono miwili. Yeye, mtu wa mimea, aliliona jani kabla ya kuniona mimi.

"Dracaena. Umeitoa wapi?"

"Nimenunua," nikawahi. "Dukani. Kwa hela yangu." Kisha nikasema, "Wale hawakuwa kulungu."

Akavua miwani. Feni ilikuwa inageuka, inafika kwangu, inarudi kwake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulivipeleka wapi vichwa?"

"Nyumbani. Tulikula."

Alisimama ghafla mpaka kiti kikagonga ukuta. Nikajua kazi imekwisha. Nikaanza kupiga hesabu ya kodi ya nyumba, kwa Kichaga, maana hesabu za hofu sizifanyi kwa lugha nyingine.

"Na mkeo alikula?"

"Sahani mbili."

Akavuta faili toka kwenye rafu, likaangusha mengine mawili, hakuyaokota. Lilikuwa daftari la dawa: tuta gani limepuliziwa nini, tarehe gani, na nani. Akatembeza kidole mstari kwa mstari. Kucha ilikuwa na udongo. Agosti. Akafunua. Julai. Midomo ilikuwa inasoma bila sauti. Feni ikaja, ikageuza ukurasa, akaupiga kofi ukarudi. Juni. Mimi bado nilikuwa nimenyoosha jani, sikujua kama naruhusiwa kushusha mikono.

"Halijapuliziwa," akasema. "Tangu lipandwe halijapuliziwa." Akakaa. Akafunga faili, akaliwekea viganja vyote viwili juu kana kwamba lingefunguka. Muda ukapita.

"Mlipikaje?"

Nikamweleza kitunguu, nikamweleza tui. Akatikisa kichwa taratibu, sijui kwa kukubali au kwa kushangaa. Ndipo akalipokea jani. Nikamweleza fundo, mpaka wa kihamba, mzee anayetangulizwa ambaye sikuwa naye.

"Sasa mimi nafanya nini nalo?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Kwetu hakuna anayeuliza. "Unalipokea tu."

"Halafu?"

"Halafu yameisha."

"Bibi harusi hajui kwamba yameisha," akasema.

Akalitia jani kwenye glasi ya maji. Mimi na yeye wote tulijua jani tupu la Dracaena halioti, linataka kipande cha shina. Lilikaa pale mpaka likawa njano.

Sikufukuzwa. Novemba nilipelekwa kufunga taa kwenye miti usiku wa baridi, na kama ile ilikuwa adhabu hakusema. Lile tuta, katikati ya Septemba, kila shina nililovunja lilikuwa limetoa vichwa viwili au vitatu, likawa jekundu kuliko lilivyotarajiwa. Alilipiga picha akatutumia wote, bila neno. Harusi ilikuwa imeshapita.

Siku nilipoaga kazi alinipa kopo la bluu. Nilidhani kahawa. Lilikuwa jepesi, likinong'ona ukilitikisa: mbegu za tuta lile, na kwenye kifuniko ameandika kwa kalamu nzito kwamba hazijapuliziwa dawa. Kwetu aliyepokea isale harudishi kitu, akishapokea ndiyo jibu lenyewe. Kwa hiyo mpaka leo sijui lile kopo lilikuwa nini. Labda zawadi. Labda mama wa watu alikuwa anaomba kitu naye, na alichagua kopo la kahawa kwa kuwa ndilo lililokuwa jikoni kwake. Sikumwuliza, na sasa amestaafu, na mambo kama hayo hayaulizwi kwa simu.

Chungu cha dola 19 kipo sebuleni, isale imegusa dari. Kopo nimelirudisha juu ya kabati, kiti nimekificha. Mwezi wa tano nitazipanda tena nyuma ya nyumba. Mwaka jana zilipofika magotini zililiwa usiku mmoja, zote, na safari hii kweli walikuwa kulungu.